Moto wa Mlima Shenguo na Cheti cha Kuishiwa

Palikuwa na nchi moja, na tumshukuru Mungu si hii yetu, iliyojiandaa kwa majanga yote vizuri mno, hata janga lenyewe likitokea lilionekana kama mgeni mkorofi aliyefika kabla ya saa iliyoandikwa kwenye kadi. Jina la nchi hiyo silitaji. Wenyewe wamelisajili, na kulitamka bila kibali ni kosa.

Humo aliishi mwanamke aitwaye Pendaeli Msuta, mtumishi wa serikali wa miaka arobaini na mmoja, ambaye cheo chake kilikuwa kirefu kuliko ofisi yake: Mratibu wa Misaada ya Anga kwa Majanga ya Ardhini. Kwa maneno mepesi, msitu ukiwaka na zimamoto wakashindwa, yeye ndiye wa kuliomba jeshi helikopta. Jeshi lilikuwa nazo nne, za kijani, zinang'aa, na kila moja ilikuwa na ndoo kubwa ya turubai ya kuning'iniza chini kwa nyaya, ikachote maji bwawani na kuyamwaga juu ya moto. Kila sikukuu ya taifa zilipita juu ya uwanja wa mpira na kuwamwagia wananchi maji yenye rangi za bendera. Watu walilowa, wakapiga vigelegele, wakarudi nyumbani na nguo zisizotakata tena. Katika miaka sita ya Pendaeli kazini, hazikuwa zimewahi kumwagia maji kitu kinachoungua.

Jumatatu saa nne asubuhi, mama yake akapiga simu.

"Penda, mlima unaungua."

Mama huyo aliitwa Bi Nankondo. Alikuwa na miaka sabini na miwili na aliishi Mbagai, kijiji cha kaya mia mbili na ushee kilichokaa chini kabisa ya msitu wa Mlima Shenguo. Alilima kahawa na iliki, na alikuwa na mizinga ya nyuki aliyoipenda kama watu wengine wanavyopenda wajukuu.

"Unaungua wapi, mama?"

"Juu, kwenye majabali. Wachoma mkaa wameacha tanuri, upepo umelichukua. Watu wamepanda na matawi kwenda kupiga, lakini naona wanashuka wengi kuliko wanaopanda. Wewe si ndiye mwenye ndege?"

"Ndege si zangu, mama. Mimi naratibu."

"Haya, ratibu. Zije."

Pendaeli alikata simu, na nisiwafiche, moyo wake uliruka kwa kitu kilichofanana na furaha. Miaka sita alikuwa akijaza taarifa za robo mwaka akiandika "hakuna tukio". Sasa tukio lilikuwepo, na kambi ya anga ya Mwale ilikuwa dakika ishirini tu kutoka Shenguo kwa helikopta. Alitazama saa ya ukutani. Kabla ya saa tano, alijiambia, maji yatakuwa yanamwagika.

Akapiga simu kambini. Aliyepokea ni Kanali Tibenda, ofisa wa jeshi aliyepewa jukumu la kuzungumza na raia kwa sababu ya sauti yake nzuri.

"Dada Pendaeli, ondoa shaka," alisema Kanali. "Ndege ziko tayari. Mafuta yamejaa. Rubani wetu, Kapteni Kivuyo, yumo ndani ya helikopta tangu alfajiri, maana kiti chake cha ofisini kimevunjika. Nahitaji kitu kimoja tu kutoka kwako. Cheti."

"Cheti gani, Kanali?"

"Cheti cha Kuishiwa. Jeshi haliwezi kuingia kwenye moto wa kiraia mpaka raia waishiwe. Kamanda wa zimamoto wa wilaya athibitishe kwa maandishi kwamba ametumia uwezo wake wote na umekwisha. Ukiniletea hicho, nanyanyua mkono tu, ndege inapaa."

Pendaeli alitoka mbio. Kituo cha zimamoto kilikuwa mtaa wa pili, na mbele yake lilisimama gari jekundu la kuzimia moto, juu ya mawe manne. Matairi yalikwenda kwenye matengenezo miaka miwili nyuma na hayakuwahi kuaga. Kwenye kiti cha dereva palikuwa na kuku anayeatamia.

Kamanda Msengi alimsikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akatikisa kichwa.

"Siwezi kusaini, dada yangu."

"Kamanda, gari lako halina hata tairi moja!"

"Ndiyo maana siwezi. Mtu huishiwa kitu alichokuwa nacho. Nikiandika kwamba nimeishiwa, mkaguzi ataniuliza: ulikuwa na nini? Nitamjibu nini? Unataka nidanganye serikali?" Na kwa kweli alikuwa mtu mwaminifu, machozi yalimlengalenga. "Gari likifika kwenye moto likashindwa, hapo nitasaini hata mara kumi."

Siku nzima ya Jumatatu na nusu ya Jumanne ikapita Pendaeli akitafuta matairi. Mkuu wa Wilaya aliazimisha mawili ya gari lake, kwa barua. Mawili mengine yalitoka kwenye trekta la shule ya kilimo, yakawa makubwa kuliko yale mengine, hivyo gari lilipoondoka liliinama mbele kama mtu anayesalimia wakwe. Kuku alihamishwa kwa heshima. Gari lilipanda kilima cha kwanza, likakohoa, likazimika. Kamanda Msengi alishuka, akafungua mpira wa maji, akauelekeza upande wa moshi uliokuwa umetanda mbali juu ya mlima. Ukatoka mjusi, na nyuma yake maji ya kujaza kikombe.

"Sasa," alisema Kamanda, akijifuta jasho, "tumeishiwa." Akasaini cheti pale pale juu ya boneti, akapiga muhuri, na Pendaeli akamshukuru kama mtu aliyepewa figo.

Jioni ile Bi Nankondo alipiga tena. Moto ulikuwa umeingia msitu mkubwa. Mbega walikuwa wameshuka kijijini, mamia, wamekaa juu ya paa la shule na watoto wao migongoni, hawali kitu na hawamwogopi mtu.

"Wanatutazama sisi," alisema mama. "Sijui wanadhani sisi tuna nini."

Jumatano cheti kikapokelewa, kikaitishiwa Kikao cha Uratibu wa Pamoja. Mwenyekiti alikuwa Katibu Mkuu, Dokta Kasiga, bwana mpole mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kusikitikia. Wajumbe walikuwa kumi na tisa. Palikuwa na chai, sambusa, na chupa za maji mengi kuliko yale yaliyotoka kwenye gari la Kamanda.

Nusu ya kwanza ya kikao ilikwenda kwenye mipaka. Wizara ya Misitu ilieleza kwamba moto ni wake kuanzia ardhini hadi ncha ya mti. Wizara ya Mazingira ikadai moshi. Kanali Tibenda alikumbusha kwa sauti yake nzuri kwamba chochote kilicho juu ya ncha ya mti ni anga, na anga ni ya jeshi, isipokuwa ndege wa kawaida. Likazuka swali: ulimi wa moto ukivuka ncha ya mti, ni wa nani? Wakaunda kamati ndogo. Ikaenda chumba cha jirani, ikachukua sambusa zake.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," Pendaeli alisema, akisimama, "naomba tu tumwelekeze rubani aende Mlima Shenguo."

Kanali alifunua ramani yake, akapitisha kidole, akakunja uso.

"Mlima gani?"

"Shenguo."

"Kwenye ramani ya jeshi hakuna mlima huo." Akainama, akanong'onezwa na msaidizi wake, akainuka. "Nasahihisha. Upo, lakini umefichwa. Kuna mnara wetu kileleni. Uliondolewa kwenye ramani ili adui asiujue. Kwa hiyo siwezi kumtuma rubani mahali ambapo hapapo."

"Lakini Kanali, si ule pale dirishani?"

Watu wote wakageuka. Ulikuwa pale kweli, mrefu, umevaa moshi hadi mabegani, na mahali pamoja palikuwa pekundu.

"Naomba wajumbe wasitazame dirishani," Dokta Kasiga alisema haraka. "Tusije tukavunja sheria ya siri za nchi bila kukusudia." Mhudumu akaja akafunga mapazia. Ikakubaliwa kwamba kuanzia hapo mlima utaitwa Mwinuko Husika.

Simu ya Pendaeli ikalia. Hakutoka nje. Alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika utumishi wake: aliiweka mezani, katikati ya sambusa, akaifungua sauti ili wote wasikie.

"Penda," sauti ya mama ilisema, na nyuma yake kulikuwa na mngurumo kama wa lori linalopanda. "Umefika kwenye mizinga. Nyuki wanatoka wakiwa wanawaka. Wanaruka kidogo, halafu wanaanguka."

Hakuna aliyetafuna. Dokta Kasiga alivaa miwani yake ya kusikitikia.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Ni nani mwenzangu?"

"Mimi ni Katibu Mkuu, mama. Pole sana. Serikali yako iko nawe."

"Iko wapi? Siioni, kuna moshi."

"Tuko kikaoni, tunashughulikia ndege."

"Ndege ni zako wewe?"

"Hapana, mama," alisema Dokta, na sauti yake ikapanda kidogo kama ya mtu aliye jukwaani. "Ndege hizo ni zako. Ni mali ya wananchi."

"Kama ni zangu, mimi mwenyewe nazituma. Zije sasa hivi."

Wajumbe walicheka kwa upole, kama watu wanavyocheka mtoto anapouliza jua linalala wapi. Katibu wa kikao akaandika: *Maoni ya mwananchi yalipokelewa.* Simu ikakatika yenyewe, na Pendaeli alipojaribu kupiga tena haikupatikana.

Likabaki suala la maji. Mwakilishi wa Wizara ya Maji alisema bwawa liko wazi kwa kila mtu, ila anayechota zaidi ya ndoo moja ya kawaida sharti awe mwanachama wa Jumuiya ya Watumia Maji. Basi ikaletwa fomu, na Kanali akaijaza kwa niaba ya helikopta. Jina kamili. Kijiji cha asili. Idadi ya wake. Idadi ya ng'ombe. Penye ng'ombe aliandika "hakuna", na mwakilishi akamwonya kwa fadhili kwamba wanachama wasio na mifugo huchota Alhamisi tu.

"Kesho ni Alhamisi," alisema Pendaeli.

"Basi una bahati," mwakilishi alimwambia.

Alhamisi saa tatu asubuhi Pendaeli alisimama kwenye uzio wa kambi ya Mwale, kope nzito kwa uchovu. Akaiona helikopta ikiwashwa. Mapanga yakazunguka, majani yakalala, na Kapteni Kivuyo akampungia mkono kupitia kioo. Ikanyanyuka. Ndoo ikanyanyuka nayo, ikayumba hewani. Pendaeli aliiangalia ikielekea Mwinuko Husika, akajikuta anaimba wimbo wa kanisani, kwa sauti, peke yake.

Ilikwenda kama umbali wa kutupa mawe mawili matatu, ikageuka, ikarudi, ikatua palepale.

Kanali Tibenda alimfuata hadi uzioni. Kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa nzuri sana.

"Maagizo kutoka juu, dada. Hii ni mara ya kwanza katika historia ya nchi raia na jeshi kuratibu pamoja kuzima moto. Waziri amesema jambo kubwa namna hii haliwezi kufanyika kimyakimya bila uzinduzi. Anakuja kesho saa nne, uwanja wa mpira. Kutakuwa na ngoma."

"Kesho kijiji hakitakuwepo, Kanali."

Kanali alitazama viatu vyake. Vilikuwa safi sana.

"Mimi najua," alisema. "Dada yangu, mimi najua kabisa. Kama ingekuwa amri yangu..." Hakumaliza, maana nyuma yake msaidizi alikuwa akisikiliza. Akapiga saluti, ingawa raia hapigiwi saluti, akaondoka.

Pendaeli hakurudi ofisini. Alipanda bodaboda hadi mahali ambapo miti iliyoanguka ilifunga barabara, akamalizia kwa miguu, kitambaa kimefungwa puani, saa mbili nzima akipanda ndani ya moshi. Alimkuta mama yake nyuma ya shule, panga mkononi, amefunga kanga mbili kiunoni, anaamuru watu wazima na wazee kama mpiga filimbi wa gwaride.

Mbagai hawakuwa wamesubiri uzinduzi. Tangu asubuhi walikuwa wakifyeka mkanda mpana kukatiza mteremko, kuondoa kila kinachoungua ili moto ukifika ukose cha kula. Walifyeka kahawa yao wenyewe. Walifyeka migomba na iliki. Na pale mkanda ulipokutana na ukingo wa hifadhi, waliangusha mikaratusi ya serikali, yenye namba nyeupe kwenye magome.

"Ndege ziko wapi?" Bi Nankondo aliuliza, bila kuacha kukata.

"Haziji, mama."

Mama akamrushia panga jingine. "Shika. Anzia pale."

Pendaeli alikata mpaka viganja vikachubuka. Ilimchukua muda kutambua walipokuwa, kwa sababu ya moshi. Alipotambua, aliduwaa. Mkanda ulikuwa unapita chini ya nyumba ya mama yake. Nyumba alimozaliwa, yenye veranda ya bluu, ilikuwa upande wa juu, upande wa moto.

"Mama, mmekosea. Nyumba yetu imebaki huko."

"Hatujakosea. Huku ni pembamba, tunawahi. Tukienda juu ya nyumba hatumalizi, na shule inakwenda na wale wote wa chini." Bi Nankondo alijifuta uso kwa mkono mweusi. "Nilipima mwenyewe kwa hatua. Nani mwingine angekuwa wa kwanza kukubali upite chini ya kwake? Ningemwambia nani?"

Moto ulifika saa kumi alasiri. Ulichukua nyumba kumi na saba na veranda ya bluu. Ulifika kwenye mkanda ukasimama, ukanguruma, ukanyoosha ndimi kuvuka, na watu waliupiga kwa matawi mabichi mpaka mikono ikakataa kunyanyuka. Haukuvuka. Jua lilipokuwa linazama kwenye moshi, shule ilikuwa imesimama, mbega bado wamekaa juu ya paa, na watu wa Mbagai walikuwa wamelala chini mahali walipoangukia.

Ijumaa saa nne, kule mjini, Waziri alihutubia uwanja uliojaa. Redio ya simu ya mtu mmoja pale kijijini iliileta hotuba. "Ndugu wananchi," ilisema, "itifaki imezingatiwa. Leo tumeandika historia. Yapo mataifa makubwa ambayo moto ukiwaka yanakimbilia kuuzima bila mpango. Sisi hatukukimbia." Makofi. Kisha ikasikika helikopta, na umati ukipiga kelele ukimwagiwa maji. Bi Nankondo, aliyekuwa akichokora majivu kutafuta sufuria zake, aliomba redio izimwe.

Saa saba mchana ule mngurumo ukasikika tena, safari hii angani. Watu wakainuka. Wengine wakalia. Helikopta ya kijani ilitokea juu ya miti iliyoungua, ikazunguka mara moja, ikatua kwenye kiwanja cha shule, na mbega wote wakakimbia kutoka kwenye paa.

Kapteni Kivuyo alishuka akiwa ameshika bahasha. Alikuwa na uso wa mtu anayepeleka taarifa ya msiba kwenye nyumba asiyoijua.

"Namtafuta Bi Nankondo Msuta."

"Ndiye mimi. Umeleta maji?"

"Hapana, mama. Ndoo imebaki uwanjani, watu wanapiga nayo picha." Akamkabidhi bahasha kwa mikono miwili. "Ni hati ya kuitwa mahakamani. Mikaratusi ya hifadhi mia moja na kumi na minne, imekatwa bila kibali. Barabara imefungwa, kwa hiyo Wizara ya Misitu iliomba ndege."

"Waliomba lini?" Pendaeli aliuliza.

"Leo asubuhi."

"Na wakakubaliwa lini?"

Kapteni hakumtazama. "Leo asubuhi."

Pendaeli akanyanyua mkono kumpiga Kapteni. Na hapo ndipo Bi Nankondo alipomshika bega.

"Penda. Tazama huku."

Mapanga ya helikopta yalikuwa bado yanazunguka. Upepo wake ulikuwa unafagia mteremko, na kule juu, kwenye mabaki ya nyumba, makaa yaliyokuwa yamelala chini ya majivu yalikuwa yanafumbua macho, moja baada ya jingine. Cheche zikanyanyuka. Zikaanza kuvuka mkanda kuelekea shule.

"Zima hiyo ndege!" Pendaeli alipaza sauti.

"Siruhusiwi kuzima nje ya kambi!"

"Basi ondoka!"

"Siruhusiwi kuondoka bila sahihi ya mratibu!" Kapteni alikuwa karibu kulia. Alitoa karatasi mfukoni, zikapeperuka, akazibana kifuani. "Ni wewe, dada. Hapa. Nakala tatu. Nisaidie, nakuomba."

Karatasi iliandikwa kwa herufi kubwa: MSAADA WA ANGA UMEFIKA KWA WAKATI NA UMERIDHISHA. Pendaeli aliiweka juu ya mgongo wa mama yake, aliyeinama bila kuambiwa, akasaini ya kwanza, akasaini ya pili. Kalamu ikagoma kwenye ya tatu. Akaloweka kidole kwenye majivu na mate, akapiga dole gumba. Nyasi za pembeni mwa shule zilikuwa zimeanza kutoa moshi.

Helikopta ikapaa. Watu walikuwa tayari wanakimbia na matawi, na Pendaeli akakimbia nao.